Moto Nyuma ya Piano

Nimefanya kazi ya mbao tangu ndevu hazijaota, na sikuwahi kuuogopa ubao. Nimepasua mvule, mninga na mkongo. Msumeno ulishanila ncha ya kidole, nikafunga kitambaa nikaendelea mpaka jioni. Milango kadhaa ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo ambayo wageni huipiga picha imepita mikononi mwangu ikiwa imeoza, ikatoka mizima. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Karakana yangu nimeijenga mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili mtu akisoma kwamba niliogopa, asidhani mimi ni mtu wa kuogopa ovyo. Niliogopa piano. Niliiogopa asubuhi nikiamka na mchana nikila, na sababu ya kuiogopa ilikuwa mjukuu wangu.

Huyu ni mtoto wa binti yangu mkubwa, anaishi kwangu tangu alipoanza sekondari. Mke wangu humwita "mke mwenzangu", mimi humwita "bibi mdogo", ndio utani wetu wa babu na wajukuu, na yeye anajua kujibu. Ana masikio yule mtoto. Akisikia mlango unalia anakwambia unalia sauti gani, kisha anaiimba. Alijifunzia kinanda cha umeme, kile cha kuchomeka ukutani kinachopigwa kwenye shughuli za harusi, na alipomaliza shule akasema anataka kusoma muziki chuoni, hapahapa mjini.

Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Kerege. Ni mtu mzuri, swala tano, lakini akishapanga jambo amelipanga. Alikuja akakaa barazani kwangu, akanywa kahawa, akasema:

"Baba, mimi sina neno na muziki. Lakini binti hawezi kukaa bure. Kuna wakala ananitafutia nafasi ya kazi ya ndani Uarabuni. Akifaulu usaili wa chuo, asome. Asipofaulu, ataondoka kabla ya Ramadhani."

"Aondoke akaoshe vyombo vya watu?"

"Na wewe hukubeba magogo ya watu?"

Nikamwongezea kahawa, maana niliyabeba.

Wapo waliokwenda huko wakarudi wakajenga, siwezi kusema uongo. Lakini mdogo wangu wa kike, tumbo moja, alikwenda akiwa mzima, akarudi na mkono usionyooka. Mpaka leo ukimuuliza mkono umefanyaje, anakuuliza umekula nini. Basi mimi nikimwona msichana kasimama barabarani na sanduku jipya, hugeuza njia nisimpite. Na sasa sanduku lilikuwa linanukia nyumbani kwangu.

Siku mbili tatu baadaye mjukuu alikwenda chuoni kuulizia usaili. Alirudi akakaa barazani. Bibi yake akamwekea chai, hakuigusa.

"Babu, usaili unafanywa kwenye piano ya mbao. Wameniruhusu nijaribu. Nimebonyeza, haikutoa sauti."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Vidole vyangu ndivyo havina nguvu. Cha umeme ukikigusa tu kinalia. Ile lazima uisukume nyundo kwa kidole, ikapige uzi."

Nilimtazama vile vidole. Nikasema nitatafuta piano. Mke wangu akaniangalia kama mtu aliyesikia nitatafuta tembo.

Ilipatikana Zinga, kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama kwenda kukaa na watoto wake bara. Mimi nilidhani piano ni lile jambo kubwa lenye mguu kama wa kitanda cha Kihindi na mfuniko unaoinuliwa juu. Hii ilikuwa imesimama wima ukutani, kimo chake kinanifika kifuani, nyeusi, inang'aa, ukubwa wa kabati la vyombo. Mwalimu aliniambia waziwazi kwamba ni aina ya bei nafuu, imetoka kiwandani ikiwa moja kati ya nyingi, na bei yake ilikuwa kama ya pikipiki iliyotumika. Nikamwambia nataka kuiona ndani kwanza. Mimi sinunui kabati bila kulifungua.

Akafungua. Nikaigonga kwa kucha, nikanusa, nikaingiza mkono. Ubavuni na mlangoni haikuwa mbao kabisa, ilikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ukapakwa rangi nzito. Vibao vya kubonyeza ni mbao nyepesi iliyovikwa plastiki nyeupe. Kila kibao kinasukuma vijiti na bawaba ndogondogo za mbao, mwishoni kuna kinyundo chenye kichwa cha kitambaa kizito cha manyoya ya kondoo, kigumu kama kisigino. Kinyundo kinapiga uzi, halafu kinarudi chenyewe. Nyuzi za juu zipo tatutatu kwa kila sauti, nyembamba kama waya wa kukatia sabuni. Za chini ni mojamoja, nene, zimezungushiwa shaba.

Nikazunguka nyuma. Nyuma yake iko wazi, na hapo ndipo ulipo ubao wa sauti, ubao mpana mwembamba unaoshika mgongo wote, na juu yake mbavu zimegandishwa kwa gundi kwa mshazari. Nikachungulia ukingoni palipotobolewa tundu. Nikaona tabaka.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii playwudi."

"Ni tabaka tatu, mzee. Zile za bei kubwa ubao wake ni mzima."

"Mimi mtu akiniagiza mlango wa playwudi namwelekeza njia ya duka la plastiki."

Akacheka. "Usiseme hivyo mpaka uisikie."

Akakaa akapiga. Katikati ilikuwa tamu, sauti ya mviringo, kama mtu anaongea na wewe bila kupaza. Juu kabisa ilikuwa kali, kijiko kinagonga glasi. Chini ndipo bei yake ilipojitokeza: kwa kuwa kabati ni fupi na nyuzi ni fupi, ile sauti nzito ilikuwa inabweka badala ya kunguruma, na ilikatika upesi. Lakini nilisikia kitu ambacho kile cha umeme hakina. Sakafu ilitetemeka. Nilivua kandambili nikaisikia kwa nyayo.

Wakati vijana wa karakana wanafunga kamba, mwalimu alinivuta pembeni. "Mzee, nakuona una mkono mwepesi wa kufungua vitu. Hii usiifungue ovyo. Umeiona ile fremu ya chuma ndani? Imewekwa kwa sababu nyuzi zote hizo zimekazwa kwa pamoja, na uvutano wake ni tani nyingi. Lori la kokoto limening'inia humo ndani saa zote, hata kama hakuna anayepiga."

Mbona hakuniambia kabla sijalipa! Njia nzima kutoka Zinga nilikaa nyuma ya gari nikiwa nimeitazama. Hofu yangu ilianzia pale.

Tuliiweka chumba cha ndani, mbali na madirisha ya upande wa bahari, maana chumvi ya hapa inakula bawaba, itashindwaje kula uzi. Nikaitengenezea jukwaa la mninga, kila mguu wa jukwaa ukakaa ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, mchwa wasipande. Mke wangu akaifukizia udi. Mjukuu akakaa.

Siku za mwanzo vidole vilimvimba. Alikuwa akila wali kwa kijiko, jambo ambalo nyumbani kwetu hufanywa na mgonjwa tu. Kisha sauti ikaanza kutoka, na kila siku ikitoka zaidi. Aligundua kwamba kanyagio la katikati linashusha kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, sauti ikawa ya mnong'ono, akawa anapiga hata wakati wa swala za jirani bila kumkera mtu. Nilikuwa nasimama mlangoni. Sikukaa karibu. Lile neno la lori la kokoto lilikuwa limenikaa kichwani. Mtoto ananyoosha mikono yake mbele ya tani nyingi, na kilichozizuia ni chuma na playwudi.

"Babu, njoo ukae."

"Naona vizuri nilipo."

"Piano haing'ati."

"Wewe piga."

Masika yakaingia. Wa hapa wanajua masika yetu: nguo hazikauki, chumvi inageuka uji kibakulini, milango yote ya mji inavimba na simu yangu hailali kwa watu wanaotaka mlango upigwe randa. Piano nayo ikaumwa. Kibao kimoja kikabonyea hakikurudi. Kesho yake vinne. Zile sauti za katikati nilizozipenda zikaachana na za pembeni, ukipiga pamoja zinagombana. Na sauti yote ikawa nzito, ina mafua, kama imefunikwa na blanketi. Usaili ulikuwa wiki iliyokuwa inafuata. Baba yake akapiga simu kusema wakala ameomba pasipoti ya binti na ameshapewa.

Fundi wa piano hapa mjini hatukumpata. Tulipata namba ya mmoja wa Dar es Salaam anayehudumia makanisa na hoteli. Akasema barabara na mvua hii, mpaka mwisho wa wiki. Mjukuu alisikia yale majibu akiwa amesimama nyuma yangu, akaenda akakaa mbele ya piano akawa anavibandua kwa kucha vibao vilivyoganda, kimojakimoja, kama mtu anayechambua mchele.

Hapo ndipo alipokuja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu ni mpiga dufu. Hakuna maulidi ya maana kuanzia hapa mpaka Saadani ambayo hakukaa mstari wa mbele. Akabonyeza kibao kimoja, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Imelegea hii."

"Wewe unajua piano?"

"Najua kinacholia. Dufu ikipata unyevu inakuwa hivihivi, unapiga unasikia *bu, bu*, kama unapiga godoro. Tunafanyaje? Tunaiotesha moto. Hujatuona kabla ya maulidi? Tunawasha makumbi ya nazi uani, tunazungusha dufu zote, ngozi inakaza, ukigusa inasema *ting*. Kila chombo cha sauti kinataka moto, bwana."

Na kweli, nimewaona tangu utotoni. Kila mtu hapa amewaona. Ngoma zote za Pwani huoteshwa moto, na mtu akianza kupiga kabla ya kuotesha watu humcheka. Nilimtazama mke wangu, akasema, "Kaka kasema kweli." Mjukuu peke yake ndiye aliyesita.

"Babu, tumsubiri fundi."

"Fundi akichelewa?"

Akabandua kibao kingine kwa kucha.

Tuliivuta kutoka ukutani baada ya swala ya alasiri. Tukapanga majiko mawili ya mkaa nyuma yake, si karibu, hatua kama mbili, mkaa umeshika vizuri hauna moshi. Mimi nimekausha mbao maisha yangu yote, najua ubao unaotaka joto na unaotaka kivuli. Nikaweka kiganja kwenye mgongo wa piano mara kwa mara kupima. Shemeji akakaa kwenye kigoda anapepea, anasoma kasida kwa chini.

Ikafanya kazi. Wallahi ilifanya kazi. Kibao cha kwanza kikaachia, cha pili, baadaye vyote. Lile blanketi likaondoka, sauti ikawa kavu, inang'aa. Mjukuu akaanza kupiga huku anacheka, shemeji akapiga mapaja yake kwa mdundo wa dufu.

"Nilikwambia! Chuma hicho kinawapa taabu mafundi wa Dar, sisi tunakipa moto tu!"

"Usipepee sana, shemeji."

"Wewe unaogopa nini, fundi mzima?"

Ikasema *pa!*

Sijui kuieleza sauti ile. Fikiria ubao wa kitanda unapovunjika chini yako, lakini ukivunjika ndani ya pipa. Nyuzi zote zililia zenyewe, bila mtu kugusa, zikaendelea kulia kwa muda ambao niliona mrefu sana. Nilimrukia mtoto nikamwangusha kutoka kwenye kiti. Nilidhani lori la kokoto limekatika kamba. Tukawa chini sakafuni, mimi juu yake, bibi yake anapiga mayowe mlangoni, shemeji amesimama na pepeo mkononi hasogei.

Halafu kimya. Piano imesimama palepale, nyeusi, inang'aa.

Tulitoa majiko nje. Mjukuu alirudi akabonyeza kibao cha katikati kwa kidole kimoja. Sauti ilitoka, na nyuma yake ikatoka nyingine, kama nzi ndani ya chupa. Akabonyeza kingine. Nzi. Kingine. Nzi. Akaufunga mfuniko taratibu, akaniangalia. Hakulia. Aliuliza tu:

"Babu, Uarabuni kuna baridi?"

Mke wangu akaingia chumbani akafunga mlango. Shemeji aliaga mara tatu kabla ya kuondoka, na kila akiaga anasema, "Lakini dufu..." halafu anaacha.

Sikuweza kula. Sikuwa nawazia kifaa. Kifaa kinanunuliwa. Nilikuwa namwona mdogo wangu na ule mkono wake, halafu mkono ule naupachika kwenye bega la yule mtoto. Nikawa napita mbele ya kile chumba kwa miguu ya paka, nikisubiri *pa* ya pili. Mjukuu alirudi kwenye kile kinanda cha umeme, na nilisikia jinsi vidole vyake, vilivyokwisha kupata nguvu, vinavyokigonga kama nyundo kwenye sahani.

Fundi wa Dar alifika kama alivyosema, mtu mnene mwenye kicheko, na mfuko wa vifaa kama wa daktari wa mifugo. Nilimweleza kila kitu nilichofanya, bila kupunguza. Akasikiliza, akavuta hewa puani.

"Mkaifukizia mkaa?"

"Tukaiotesha."

"Mzee, dufu ni ngozi. Ngozi ikilowa inalegea, ukiipa moto inakaza. Ubao ni kinyume chake. Ukilowa unavimba, unasukuma nyuzi, zinakaza kupita kiasi. Ilikuwa haijalegea hii, ilikuwa imekazika. Ule uzito wa sauti ulikuwa kwenye vichwa vya nyundo, kitambaa kimenywa maji. Nyinyi mkaukausha ubao ghafla upande mmoja wakati umevimba, mnategemea nini?"

Mimi ninayewaambia wateja kila masika kwamba mlango umevimba! Nilijua ubao unavimba kabla huyu hajazaliwa. Lakini mtu aliponiambia kitu ni cha kulia, nikakifikiria kama ngoma, nikasahau kwamba mbele yangu kuna mbao. Nilimshikia tochi.

Alilala chali nyuma ya piano akapitisha kidole kwenye ubao wote, polepole, kutoka juu mpaka chini. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Mjukuu alikuwa amekaa kitandani ameshika mikono yake mwenyewe.

"Umepasuka?" nikauliza.

"Subiri."

"Fundi, niambie tu."

"Mzee, subiri!"

Akapiga kofi kwenye ubao, akasikiliza. Akapiga tena kona ya chini. Nzi akalia.

"Haukupasuka," akasema. "Ubavu mmoja umebanduka ncha yake, gundi imeachia. Ndio unaopiga kelele. Ungekuwa ubao mzima, wa zile za bei kubwa, ungechanika kutoka hapa mpaka hapa. Tabaka zimeushika. Bahati yenu ni ya bei nafuu."

Ile playwudi niliyoidharau.

Lakini hofu haikuisha, ilihama. Ilibidi ncha ya ubavu irudishwe na gundi na ibanwe mpaka ishike, na vibano vya fundi vilikuwa vifupi. Nikasema nitachonga kabari, niipigilie kati ya ubavu na nguzo ya nyuma. Akafikiri, akakubali, akaniambia: "Upana wa ukucha, basi. Ukizidisha, unausukuma ubao mbele, na mbele yake ndiko nyuzi zote zilikokaa. Sitaki kuwa humu ndani ukizidisha."

Nilichonga kabari ya mkongo. Fundi akaingiza gundi kwa kisu chembamba. Mimi nikapiga magoti na nyundo ndogo, na mimi huyu wa msumeno wa mashine nikaipima hewani mara tatu kabla ya kuigusa kabari. Nikapiga kidogo. Ubao ukalia *kriii*. Nikaacha. Jasho linaingia machoni.

"Tena," fundi akasema.

"Unalia."

"Nasikia. Tena, kidogo."

Nikapiga. Ukalia tena, na safari hii nyuzi zikaitika kwa mbali. Mjukuu akasema, "Babu, inatosha, inatosha," na fundi akasema, "Bado." Sikujua nimsikilize nani. Nilifumba macho nikapiga ya mwisho. Ule mwanya mweusi ukafunga, gundi ikatoka mstari mwembamba pembeni. Fundi akaigusa kwa kidole akasema basi.

Alilala kwetu. Kesho yake, gundi ilipokwisha kukauka, alishinda akilinganisha sauti, anakaza kigingi cha uzi, anasikiliza, anakilegeza unywele. Nzi hakuwepo. Akatuambia tuweke balbu moja ya kizamani ndani chini, ile inayotoa joto, iwake mchana na usiku wakati wa masika, kama watu wa Pwani wanavyofanya kwenye kabati la nguo kuzuia ukungu. "Joto dogo la siku zote," akasema. "Si maulidi."

Mjukuu alipiga siku zilizobaki akiacha tu kwa kula na kuswali. Siku ya usaili nilimsindikiza mpaka getini, nikabaki nje, nikasikia piano yao kupitia dirishani. Ilikuwa kubwa kuliko yetu, chini yake inanguruma kweli. Sikujua ni yeye au ni mwingine anayepiga. Kila anayetoka nilimtazama usoni kujua kama amelia. Yeye alitoka akasema, "Sijui, babu," basi. Majibu yalikuja kwa simu baadaye, akiwa anafua. Alinionyesha skrini kwa mikono yenye povu. Amepata.

Nilimpigia baba yake palepale.

"Baba, viza imeshatoka. Wakala ameshaingia gharama."

"Ulisema akifaulu asome."

"Nilisema. Nilidhani hatafaulu."

Nikamwambia, "Njoo umsikie. Ukimsikia ukasema aende, sitasema neno mbele yako." Mke wangu alinivuta kanzu niache, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Alikuja siku ya mvua. Bila shaka ilikuwa ya mvua. Tangu asubuhi nilikuwa nabonyeza kibao kimojakimoja kuona kama vinarudi. Vyote vilirudi, lakini nani anajua cha saa ijayo. Mkwe wangu akaingia, akaketi ukingoni mwa kiti bila kuvua koti, akaitazama ile piano kama anavyotazama mzigo wa saruji ulioloa.

"Hiki ndicho chenyewe?"

"Ndicho, baba," binti yake akajibu, akakaa, akaanza.

Mimi nilisimama nyuma ya piano, maana hatukuirudisha ukutani, kiganja changu kwenye ubao wa sauti, mahali palepale nilipopigilia kabari. Sikusikia muziki. Nilisikiliza gundi. Alipiga taratibu, akapanda, akaenda chini kule ambako piano yetu hubweka, naye alikuwa amejifunza kuigusa pale kwa upole mpaka isibweke. Ubao ulitetemeka chini ya mkono wangu kama mgongo wa ng'ombe anapofukuza inzi. Nikamwona mkwe wangu anageuza shingo, anatafuta.

"Hakuna spika?"

"Hakuna."

"Sasa inatokea wapi?"

Nikamwita kwa mkono. Akainuka, akaja nyuma. Nikamshika kiganja nikakiweka kwenye ubao. Akashtuka akakitoa, kisha akakirudisha mwenyewe. Alikaa vile, kichwa kimeinama, koti linadondosha maji kwenye jukwaa langu la mninga. Binti hakuwa anatuona. Alikuwa upande wa pili.

Simu ya mkwe wangu ikaita mfukoni. Akaitoa kwa mkono mwingine, akaangalia. Nililiona jina la wakala.

"Haloo," akasema. "Binti hatasafiri... Ndiyo, nimesema hivyo... Zungumza na mimi kuhusu gharama, si yeye. Pasipoti nitaifuata kesho." Yule mtu akawa anapiga kelele mpaka hata mimi nikamsikia kwenye simu, na mkwe wangu akaisogeza mbali na sikio, akaikata.

Mkono wake mwingine haukutoka kwenye ubao. Wangu pia. Upande wa pili mtoto aliendelea kupiga, hajui bado, na sisi wawili tulisimama pale nyuma, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda kumkatiza ili amwambie.